Mama ametutoka: tuanzie wapi kuhifadhi sauti, picha na nguo zake?

Kitindamimba ameuliza:

Wakuu, habari za humu. Mama yetu, ambaye kwa wajukuu ndiye bibi, ametangulia mbele ya haki. Mazishi yamepita, watu wametawanyika, tumebaki na vitu vyake. Hatutaki vipotee, wala hatutaki kuviharibu kwa pupa. Vilivyopo ni hivi:

– Simu yake ya Android. Namba ya siri tunaijua, laini bado iko hewani. Ina jumbe nyingi za sauti za WhatsApp, na kwenye simu zetu zipo alizotutumia sisi.
– Kaseti 4 zilizorekodiwa nyumbani zamani, akisimulia na kuimba. Moja ina vitu vyeupe kama unga pembeni mwa utepe.
– Albamu 2 za zile kurasa zenye gundi na plastiki juu, picha za pasipoti, na picha 1 kubwa ya ukutani iliyogandana na kioo cha fremu.
– Barua za mkono wake.
– Nguo. Bado zina harufu yake.

Tuna skana ya mezani na laptopu, basi. Kipi kianze? Kwenye nguo familia imegawanyika: mmoja anataka zifuliwe zote ziingie sandukuni, mwingine hataki hata ziguswe. Na kuna mjukuu ameanza kubandua picha za albamu kwa kisu, tumemzuia kwanza.

---

Mtunza_Nyaraka:

Poleni sana kwa msiba. Hicho kisu kirudi jikoni kabisa.

Wengi huanza na albamu kwa sababu ndiyo inayoonekana kuukuu. Lakini picha iliyokaa miaka 40 itavumilia miezi 6 mingine. Kinachokufa mapema ni simu, halafu kaseti, halafu picha. Barua ndizo zenye subira kuliko vyote. Na kuna kitu hakimo kwenye orodha yako kinachotangulia hata simu: wazee wanaowajua watu waliomo kwenye picha hizo. Hilo nawaachia wanaolijua, mimi nishike simu.

Mteueni mtu mmoja awe mshika simu. Ikae na chaji. Msiirudishe kwenye mipangilio ya kiwandani, msifute programu yoyote, na msiisajili namba yake ya WhatsApp kwenye simu nyingine, maana ikisajiliwa kule, huku inatolewa. Laini iendelee kuwekewa salio na kutumika mara moja moja. Laini iliyolala muda mrefu mtandao huifunga na kumpa mteja mwingine, na huyo akijiunga WhatsApp kwa namba hiyo mambo yameisha. WhatsApp yenyewe kwa kawaida hufuta akaunti isiyotumika kwa siku 120. Kilichomo ndani ya simu hubaki hadi programu iondolewe, lakini msikae kuuchezea huo muda.

Kisha fungueni mazungumzo yake moja moja mtazame kama jumbe zimewekwa zijifute zenyewe. Muda wake huwa saa 24, siku 7 au siku 90. Kama imewashwa, kuizima hakuziokoi zile ambazo saa yake imeshaanza kuhesabu. Nakilini siku hiyohiyo.

Kunakili: unganisha simu na laptopu kwa waya, chagua kuhamisha faili, nenda folda ya Android, ndani yake media, halafu com.whatsapp. Chukua folda yote ilivyo, usichaguechague. Jumbe za sauti zimo kwenye WhatsApp Voice Notes, zikiwa na majina kama PTT-20230412-WA0003.opus. Zile tarakimu 8 ni mwaka, mwezi na siku. Tatizo ni kwamba jina halisemi nani aliyeongea. Kwenye simu zenu ninyi ndiyo balaa zaidi, kwa sababu jumbe za kila aliyewahi kuwatumia zimerundikwa pamoja kwenye folda za wiki moja moja.

Dawa yake ni hii. Kila mtoto na kila mjukuu afungue mazungumzo yake na mama, aingie kwenye menyu ya mazungumzo hayo, achague kuyatoa nje pamoja na media. Linatoka faili la maandishi ambamo kila jina la faili la sauti limeandikwa mbele ya jina la aliyetuma. Hapo ndipo mnapojua PTT ipi ni ya mama na ilijibu nini. Mazungumzo marefu hayatoki yote, huanza kukatwa yale ya zamani, kwa hiyo ukimaliza tazama mstari wa kwanza wa lile faili ni wa tarehe gani. Vilivyobaki nje utavitafuta kwenye ile folda uliyonakili kwa waya.

Faili za opus, yaani hizo za sauti za WhatsApp, ziachwe opus. Mtu atasema "zigeuze MP3 zifunguke kila mahali". Opus tayari imebanwa. Ukiibana tena kwa MP3 unapoteza mara ya pili. Ya MP3 iwe ya kusambazia tu. Programu ya VLC inazifungua zote bila shida.

Akaunti nyingine, kwa kifupi. Google hufuta akaunti za watu binafsi zisizoguswa kwa miaka 2, na picha zake zilizopandishwa huko zinaenda nazo. Facebook mkiiripoti kifo akaunti hugeuzwa ya kumbukumbu, na tangu hapo hakuna anayeingia hata akiwa na nywila sahihi. Kwa hiyo kubalianeni kwanza mnataka nini, ndipo mripoti.

---

Hedi_Safi:

Poleni wafiwa. Nije kwenye kaseti.

Ile yenye unga mweupe isiingie kwenye mashine yoyote. Huo ni ukungu. Ukiipiga, unga unabaki kwenye hedi (kichwa cha mashine kinachosoma utepe) na kwenye kigurudumu cha mpira na kuhamia kaseti zinazofuata. Na utepe wenyewe ukiwa umenatana unaweza kukatika. Itieni kwenye mfuko wa karatasi peke yake, mahali pakavu, mbali na hizo 3. Mkiishika vaeni barakoa. Hiyo ni kazi ya mwenye vifaa vya kusafisha utepe.

Zilizobaki, kabla ya yote vunjeni vile vijimeno 2 vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, upande ambao utepe hauonekani. Vikiondoka kitufe cha kurekodi hakiwezi kushuka. Kaseti za familia huuawa zaidi na kidole kilichokosea kitufe kuliko na uzee.

Chunguza mdomo wa kaseti. Katikati kuna kipande kidogo cha kitambaa kizito juu ya chuma chembamba kinachobonyea. Kazi yake ni kuukandamiza utepe kwenye hedi. Gundi yake huchoka, kikadondoka. Dalili ni sauti hafifu, inayokuja na kupotea. Usikibandike kwa gundi kali. Kaseti yenye skrubu 5 fungua, toa magurudumu mawili yenye utepe, yahamishie kwenye ganda la kaseti nyingine ya skrubu. Piga picha kwa simu kabla hujainua chochote, uone utepe umepita wapi.

Mashine: safisha hedi na kile kijiti cha chuma kinachozunguka kwa pamba yenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Kigurudumu cha mpira usikipake spiriti mara kwa mara, huukausha mpira. Maji ya vuguvugu na tone la sabuni yanatosha. Acha vikauke. Halafu ingiza kaseti usiyoijali, isikilize dakika 10. Mashine ikiamua kutafuna, itafune hiyo.

Kaseti ya mama ipelekwe mbele hadi mwisho na kurudishwa mara moja kabla ya kurekodi, ili utepe ulioshikana ulegee na kujikunja sawasawa. Ukisikia inakwaruza au mwendo unazidi kuwa mzito, simamisha hapo hapo.

Kuingiza kwenye laptopu: tundu moja la laptopu mara nyingi ni la maikrofoni. Ukichomeka hapo sauti inaingia upande mmoja na inapasuka. Tafuta kile kiunganishi kidogo cha USB chenye tundu la kupokea sauti ya mashine. Rekodi kwa programu ya Audacity, faili la WAV (sauti isiyobanwa), biti 24, kilohezi 48, kilele cha sauti kisizidi dB -6. Hiyo ni kama MB 17 kwa dakika. Kaseti ya dakika 60 inakula takribani GB 1. Rekodi upande mzima bila kusimama, hata mahali palipo kimya. Watu hukata wakidhani imekwisha, kumbe baada ya dakika 4 za kimya kuna kipande kingine.

Makosa mawili yanayofanana ila tiba tofauti:

Sauti nzito kama mtu anaongea nyuma ya mlango, na hedi umeshasafisha. Hapo hedi ya mashine yako haikulala sawa na ile iliyorekodi. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo yenye springi. Weka alama ilipo, kisha izungushe kidogo sana, moja ya nane ya mzunguko, ukisikiliza herufi "s" na "sh". Zikichomoza, umefika.

Sauti inayokimbia, nyembamba kama ya mtoto. Hapo mashine yako haina kosa. Kinasa kilichorekodi kilikuwa na betri zilizochoka, utepe ukaenda polepole. Sasa unaupiga kwa kasi sahihi ya sm 4.76 kwa sekunde na yeye anakimbia. Hili rekebisha kwenye nakala ndani ya laptopu, usiguse mashine. Kwa kuwa betri huzidi kuchoka kadiri anavyorekodi, mwanzo unaweza kuhitaji kupunguzwa kasi asilimia 2 na mwisho asilimia 6. Gawa vipande.

---

Kitindamimba:

Asanteni sana, simu tayari imenakiliwa. Kaseti ya kwanza imeingia. Mmoja wetu ameipitisha kwenye programu ya kuondoa kelele, imetoka safi kabisa, ila wajukuu wanasema huyo si bibi. Tumekosea wapi?

---

Hedi_Safi:

Wajukuu wana masikio. Programu nyingi za siku hizi hazisafishi, zinaiunda sauti upya kwa kukisia. Mikwaruzo ya koo, pumzi kabla ya neno, "mmh" ya kukubali, vyote vinahesabiwa uchafu.

Mkitaka kusafisha, chukueni nakala. Ndani ya Audacity chagua sekunde 1 au 2 ambazo hakuna anayeongea, ipe programu ijue kelele ni ipi, kisha punguza dB 6. Ukivuka 12 unaanza kula maneno, sauti inakuwa kama iko chini ya maji. Mvumo wa umeme unaosikika kama "mmmm" usiokatika unaondolewa peke yake, uko kwenye hezi 50 au 60 kutegemea umeme wa mahali iliporekodiwa, pamoja na vidato vyake, yaani 100 au 120 na kuendelea.

Mlango unaogongwa, mtoto anayelia chumba cha pili, kifuniko kilichoanguka: hivyo acheni. Ile WAV ghafi isiguswe kamwe, na ipeni jina lenye neno "asili".

---

Kioo_na_Mwanga:

Poleni. Picha sasa.

Albamu za gundi ni mtego. Ile mistari ya gundi inageuka njano na kupenya karatasi, na plastiki ya juu mara nyingi ni PVC, inayotoa mvuke unaodhuru picha. Kwa hiyo ndiyo, picha zitoke humo, ila kwa utaratibu. Kwanza piga picha kila ukurasa ulivyo, na plastiki yake. Mpangilio aliouchagua mama ni habari: nani kakaa karibu na nani, maandishi ya pembeni, nafasi tupu ambayo picha ilitolewa.

Kisha inua plastiki taratibu. Chukua uzi wa kusafishia meno, ule usio na nta, kama sm 40. Upitishe chini ya kona moja, uvute huku na huku kama msumeno ukiulalisha kwenye ukurasa, si kwenye picha. Kinachokunjwa kiwe ukurasa. Picha ibaki bapa. Ukiikunja picha, tabaka la juu linapasuka mistari myembamba isiyotibika. Ikigoma, iache. Skani ukurasa mzima nayo ikiwa humo. Kikausha nywele mtu atakushauri. Joto hulainisha gundi, lakini hulainisha na uso wa picha pia. Siungi mkono.

Skana: picha za sm 10 kwa 15 zipige dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), zitakupa pikseli 2362 kwa 3543 na faili la TIFF (picha isiyobanwa) la kama MB 25. Za pasipoti, sm 3.5 kwa 4.5, pandisha hadi dpi 1200, maana kwa 600 hutapata cha kukuzia ukutani. Tumia rangi hata kwa picha nyeusi na nyeupe; doa la njano ukilinasa kwa rangi unaweza kulitenganisha baadaye, ukilinasa kwa kijivu limeshakuwa sehemu ya uso wa mtu. Zima kila kitu kinachojiita kuboresha: kunoa, kuondoa vumbi, kurekebisha rangi. Na geuza picha uskani mgongo, hasa wenye mwandiko au muhuri wa studio. Vumbi lipulizwe kwa kile kipulizio cha mpira, si kwa mdomo, mate yanaacha vidoa.

Tazameni pia mifuko ya mwisho wa albamu na bahasha za studio kama kuna negativu. Negativu ina vingi kuliko picha iliyotoka kwake. Dpi 2400 kwenda juu, kwa skana yenye taa kwenye kifuniko.

Iliyogandana na kioo: usivute, usiloweke. Uso wa picha umetengenezwa kwa jelatini; unyevu uliivimbisha ikashika kioo, na ukivuta inayobaki kwenye kioo ndiyo picha yenyewe. Skana nyembamba, zile zinazopata umeme kwa waya wa USB tu, huona kile kilichogusa kioo chake. Kukiwa na kioo cha fremu katikati, picha inatoka imefifia. Hiyo ipigeni kwa kamera. Toa fremu kama inatoka bila nguvu, lakini kioo kibaki. Simamisha picha, taa 2 zinazofanana, kila moja pembe ya nyuzi 45, moja kushoto moja kulia. Chumba kiwe na giza. Mbele ya kamera tundika kitambaa cheusi chenye tundu la kutolea lenzi, bila hivyo utajiona wewe mwenyewe juu ya uso wa mama. Simu nayo inaweza: rudi nyuma, kuza mara 2, iwe sambamba kabisa na picha, flashi imezimwa.

Kuandika mgongoni: penseli laini, pembeni, juu ya meza ngumu. Kalamu ya wino hapana, inaacha alama upande wa mbele na wino unahamia picha ya jirani. Migongo ya plastiki haishiki penseli. Andikeni kwenye bahasha yake.

Barua: dpi 400, rangi, pande zote mbili, na bahasha. Msizitie laminesheni. Ni joto na gundi, na hakuna njia ya kurudi.

---

Sindano_na_Uzi:

Kwenye nguo wote wawili wana haki nusu.

Harufu ni kemikali zinazoruka. Kila mkifungua kabati zinapungua, na hakuna namna ya kuzirudisha. Chagueni nguo 1 au 2 tu, zile alizovaa mwishoni na zilizogusa shingo: sweta, kitambaa cha kichwa, kanzu ya kulalia. Ziwe kavu kabisa. Kila moja kwenye mfuko wake wa politini nzito unaofungwa kwa kubana, hewa imetolewa, gizani. Mnayemfungulia awe na sababu, dakika moja, funga. Hazitadumu milele, na jasho litaendelea kuila nyuzi. Mnazitoa kafara kwa ajili ya harufu, mjue hivyo.

Zilizobaki zifuliwe. Jasho na mafuta ya ngozi ndiyo chakula cha viwavi vya nondo, na baada ya miaka michache kola na makwapa huwa na doa la njano lisilotoka. Sabuni ya maji nyepesi, suuza mara 3, bila kilainishi wala wanga, anika kivulini. Zile za hariri, za sufu, au zenye rangi inayochuja, jaribu kwanza kwa pamba yenye maji kwenye pindo la ndani. Kabla ya kufua pekua mifuko yote. Vikaratasi na leso hupatikana humo. Ondoa pini, zinaacha kutu.

Kuweka: zungushia shuka nyeupe ya pamba iliyokwisha kufuliwa mara nyingi. Kwenye kila kunjo weka kitambaa kilichoviringishwa ili kunjo lisiwe kali, na mara 1 au 2 kwa mwaka zikunjwe upya mahali pengine, kwa sababu nguo hukatika pale pale ilipokunjwa. Nafithalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, sitaki kuiona. Ina sumu, na harufu yake itakuwa ndiyo harufu ya mama. Mkiona vitundu, fungeni nguo kwenye mfuko, friza nyuzi -18 kwa wiki 2, kisha iacheni saa 24 nje kabla ya kufungua mfuko, la sivyo umande unaigandia.

Kuna atakayependekeza kukatakata nguo kushona blanketi la wajukuu. Si vibaya, ila msikate mwaka huu. Na zikikatwa, mfuko, kola na kifungo alichobadilisha kwa mkono wake ndivyo vipande vya kulinda, kuliko mgongo wa gauni.

---

Mtunza_Nyaraka:

@Sindano_na_Uzi nakubaliana, ila nguo za harufu zipigwe picha kabla ya kufungwa, mbele na nyuma. Zikishafungwa kila mtu atataka kuthibitisha ni ipi, na kila uthibitisho ni mfuko umefunguliwa.

---

Shangazi_wa_Wengi:

Poleni wanangu. Mtunza alisema kuna jambo linatangulia simu, nami naona limepitwa na mashine zote hizi.

Kaka na dada zake mama, mashoga zake, majirani wa zamani: hao ndio wanaojua yule aliyesimama nyuma kulia ni nani. Wafuateni wiki hii, msisubiri skani ziishe. Pigeni picha kurasa za albamu kwa simu, zichapisheni kubwa, karatasi moja picha moja, na kila picha ipeni namba. Macho ya mzee hayasomi picha kwenye kioo cha simu.

Simu ya kurekodi iwe sm 30 hadi 50 kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, isipokee simu. Zimeni feni. Anayeuliza ataje namba kwa sauti: "hii ni picha ya 14". Msipoitaja, mkisikiliza baada ya mwaka mtasikia "huyu ni fulani, na huyu ni mumewe" bila kujua huyu yupi. Saa moja inatosha, mzee akichoka anaanza kukubali kila jina mnalompa.

Maswali makubwa hayazai. Ukiuliza "mama alikuwaje?" utajibiwa "alikuwa mtu wa watu", basi. Anza na kilichomo kwenye picha. Nyumba hii ya nani? Nani aliyeshika kamera? Hili gauni lilishonwa na nani? Kwa nini hapa hajacheka? Halafu nyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya swali linalofuata. Mengi hutoka ndani ya hizo 10.

Wawili wakitofautiana, mmoja akisema ni arusi ya fulani na mwingine akisema ni ya dada yake, msiwapatanishe. Andikeni yote mawili na nani kasema.

---

Kitindamimba:

Shukrani, shangazi na wakuu wote. La mwisho: faili zishakuwa kama 3,000. Mmoja anasema tuweke kwenye flashi tumgawie kila mtu, yaishe.

---

Mtunza_Nyaraka:

Flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia. Ikilala miaka bila umeme inaweza kusahau. Nakala ziwe 3, kwenye vyombo vya aina 2, na moja ikae nyumba nyingine kabisa. Mfano: diski ya nje kwa mmoja wenu, diski ya pili kwa ndugu anayekaa mbali, ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo watu 2 wanajua nywila. Mara moja kwa mwaka mtu azifungue na kujaribu faili kadhaa kutoka kila folda. Siku ya kumbukumbu yake inafaa, maana hamtaisahau.

Majina yaanze na mwaka: 1978-04_mama_shuleni_014. Tarehe hamna uhakika? 197x. Hiyo 014 iwe ndiyo namba ile ile ya kwenye mahojiano ya shangazi, hapo sauti na picha zinakutana bila kutafutana.

Kutumiana picha za asili kwa WhatsApp, tumeni kama waraka (Document). Ukiituma kama picha inapunguzwa, na maelezo mliyoandika ndani ya faili yanafutwa.

Na ile kaseti yenye unga iandikwe juu ya mfuko, kwa herufi kubwa, USIPIGE. Mjukuu wa kisu asije akaiona.